Fantomu gani ya altrasaundi inaifaa zahanati ya Mombasa?

Mashine ya altrasaundi haifi ghafla kama balbu. Huzeeka kwa siri. Kristali chache zinazotoa na kupokea sauti ndani ya probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa mwilini, hukatika, lenzi iliyo usoni mwake huanza kubanduka, nyaya ndani ya kebo huvunjika pale kebo inapokunjwa kila siku, na picha bado yatoka. Sonografa, yaani mpiga picha za altrasaundi, huongeza geini (ukuzaji wa mwangwi) kidogo, jicho likazoea, kazi ikaendelea. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliopima probu 676 kutoka hospitali 32, na asilimia 39.8 kati yake zilikutwa na hitilafu. Hazikuwa probu zilizotupwa stoo. Zilikuwa kazini, zikipima wagonjwa.

Kwa hiyo mwenye zahanati, awe Likoni, Tudor au Bamburi, haulizi tena kama mashine ipimwe. Anauliza ipimwe kwa kitu gani. Jibu la vitabuni ni fantomu: boksi lililojazwa kitu kinachopitisha mawimbi ya sauti kama nyama ya mwili, na ndani yake nyuzi na vivimbe bandia ambavyo mahali pake na ukubwa wake unajulikana. Ukiliskani leo, ukaliskani tena baada ya miezi sita kwa mpangilio uleule, tofauti utakayoiona ni ya mashine wala si ya mgonjwa.

Ila fantomu ziko za aina nyingi, na wauzaji hawazitofautishi vya kutosha. Nitalinganisha njia nne: fantomu ya hidrojeli ya kiwandani, fantomu ya mpira wa yurethani, fantomu ya kujipikia kwa aga-aga, na kupima bila fantomu yoyote. Nazungumzia picha ya kawaida ya kijivu tu. Dopla, inayopima mwendo wa damu, ina fantomu zake zenye pampu na majimaji ya kuigiza damu, na hizo zina hesabu yake.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Ukiambiwa "tutakupa na fantomu ya bure" unaponunua mashine, uliza ni ya nini. Nyingi za zawadi hizo ni za kufundishia kudunga sindano. Zinafaa sana kwa kazi hiyo, lakini hazina nyuzi zilizopimwa wala cheti cha mwendo wa sauti, na huwezi kuzitumia kusema mashine ni nzima au mbovu.

Vigezo

Cha kwanza ni kile inachofichua. Katika kupima mashine tunatafuta usawa wa picha (je, pana milia ya giza?), kina ambacho mawimbi yanafika kabla picha haijawa chenga tupu, usahihi wa vipimo vya umbali, uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, na kama uvimbe wa maji unatoka mweusi kweli. Mambo haya hayana uzito sawa. Mayo Clinic ya Marekani ilipotoa ripoti ya miaka minne ya upimaji wake mwaka 2011, sehemu kubwa ya hitilafu ilikuwa imeonekana kwa kuangalia usawa wa picha na kwa kukagua probu na mashine kwa macho na mikono. Vipimo vya umbali vilikamata machache sana. Mashine za siku hizi hupima muda kwa saa ya kidijitali, na saa hiyo ni nadra kuyumba. Kinachoharibika ni probu. Ukilikumbuka hili, utaziona bei kwa jicho jingine.

Cha pili ni joto, na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na miongozo iliyoandikwa Ulaya. Kila mashine ya altrasaundi hudhani kwamba sauti inakwenda mita 1,540 kwa sekunde mwilini. Hiyo ndiyo hesabu inayogeuza muda wa mwangwi kuwa sentimita kwenye kioo. Fantomu hutengenezwa ili ifikie mwendo unaotakiwa ikiwa kwenye nyuzijoto 22 au 23. Chumba chako kina nyuzijoto ngapi mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na stima imepotea?

Cha tatu ni uhai: itadumu muda gani, na nini huiua. Cha nne ni gharama yote, pamoja na usafiri na forodha, na pamoja na kuitengeneza ikiharibika. Cha tano ni mikono, yaani nani ataifanya kazi hii kila mwezi na itamchukua dakika ngapi. Kigezo hiki husahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachofanya fantomu nyingi nzuri zigeuke mapambo ya juu ya kabati.

Fantomu ya hidrojeli ya kiwandani

Hizi ndizo zinazotajwa sana katika miongozo. Fantomu za jina la CIRS, kwa mfano, hutumia hidrojeli iitwayo Zerdine, na Gammex ni jina jingine utakalolikuta kwenye katalogi.

Inachofichua. Yote matano. Mwendo wa sauti ni mita 1,540, na mawimbi hufifia kwa kiwango kinachokaribia cha mwili: desibeli 0.5 au 0.7 kwa kila sentimita kwa kila megahezi (kipimo cha wingi wa mitetemo ya sauti). Ndani mna nyuzi za nailoni nyembamba, za milimita 0.1 hivi, zilizopangwa wima na mlalo, pamoja na vivimbe vya ukubwa mbalimbali na shabaha za viwango tofauti vya kijivu. Faida kubwa ni kwamba namba unazopata zinaweza kulinganishwa na za mwenzako aliye Nairobi au Kisumu mwenye fantomu kama yako na mashine kama yako. Mwongozo wa AAPM (chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani) wa mwaka 1998, ambao bado unatajwa sana, unahesabu kuwa ni kasoro kipimo cha wima kikikosea zaidi ya milimita 2 au asilimia 2, au kina cha mawimbi kikipungua kwa sentimita 1 kutoka kile cha siku ya kwanza. Viwango hivyo vinahitaji fantomu ya namna hii.

Joto. Katika hidrojeli sauti huongeza mwendo kadiri joto linavyopanda, kiasi cha mita 1.5 kwa kila nyuzi. Chukua chumba cha nyuzijoto 32 badala ya 22: mwendo umepanda kwa mita 15, mwangwi unarudi mapema, na nyuzi mbili zilizoachana kwa sentimita 10 zinasomeka sentimita 9.9. Kosa la asilimia moja tu, ungali ndani ya mpaka. Lakini ongeza na mkono wa mpimaji anayeweka alama kando ya uzi badala ya katikati yake, unaanza kuukaribia mpaka huo bila mashine kuwa na kosa lolote. Kina cha mawimbi nacho hubadilika kidogo, kwa hiyo ukipima Julai wakati wa kusi na ukarudia Februari, unaweza kuona tofauti ambayo ni ya hali ya hewa. Dawa yake si ngumu. Ilaze fantomu usiku kucha kwenye chumba chenye AC kabla ya kupima, weka kipimajoto kando yake, na andika nyuzijoto kwenye fomu kila mara.

Uhai. Adui yake ni kukauka. Mtu atasema hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, kwa hiyo itakauka wapi? Itakauka kwenye chumba cha skani, kwa sababu AC hiyohiyo tunayoitegemea hunyonya unyevu hewani mchana kutwa. Maji yakishapungua, uso wake hubonyea, probu ya mviringo haigusi vizuri pembeni, na mwendo wa sauti wenyewe hubadilika bila kukuaga. Ihifadhi kwenye chombo kinachofunga kabisa kama mtengenezaji anavyoagiza. Na fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ipime kwa mizani siku inapofika, andika uzito, kisha rudia mara kwa mara. Uzito ukishuka, ni maji yanayotoka. Usiibebe kwenye buti la gari saa saba mchana. Ikitunzwa hivyo, hudumu miaka kadhaa.

Gharama. Maelfu ya dola. Ukipewa bei ya dola 3,000, kwa kiwango cha shilingi 130 hiyo ni shilingi 390,000 kabla ya ndege, bima na forodha. Ikikauka haitengenezwi hapa. Inarudi kwa mtengenezaji au unanunua nyingine.

Mikono. Nusu saa kwa probu moja mwanzoni, na robo saa baada ya kuzoea. Inahitaji mtu mmoja mwenye jukumu, si "yeyote aliye zamu".

Inamfaa nani. Hospitali yenye probu nyingi na kitengo chake cha bayomedi (mafundi wa vifaa vya tiba), kituo kinachotafuta ithibati ya kimataifa, au yeyote anayelazimika kutetea namba zake mbele ya mkaguzi.

Fantomu ya mpira wa yurethani

Inachofichua. Karibu yote, ila kwa masharti. Mpira huu, ambao ATS ndilo jina lake maarufu zaidi, hupitisha sauti kwa mita 1,450 kwa sekunde wala si 1,540. Mashine haijui hilo. Kitu kilicho kina cha sentimita 10 kitaonekana kiko sentimita 10.6. Watengenezaji huliepuka tatizo kwa kusogeza nyuzi: uzi unaotakiwa usomeke sentimita 10 huwekwa sentimita 9.4 hivi, na kioo kikaonyesha sawasawa. Hiyo inarekebisha kipimo cha wima peke yake. Fokasi ya mashine, yaani kina ambapo mawimbi hukusanywa, bado imepangwa kwa 1,540, kwa hiyo ndani ya mpira mawimbi hayakutani pale mashine inapodhani, na nyuzi huonekana pana kuliko zilivyo. Jambo hili hudhihirika zaidi kwa probu za linia (zenye uso ulionyooka) zenye megahezi nyingi, zile za tezi na matiti. Tena katika mpira mawimbi ya megahezi za juu hufifia upesi kuliko yanavyofifia mwilini, hivyo kina unachokisoma humo si cha kulinganisha na kina cha hidrojeli.

Je, ni mbovu basi? Hapana. Ikiwa swali lako ni "mashine yangu imebadilika tangu mwaka jana?", mpira unalijibu vizuri kabisa, kwa sababu mwaka jana uliipima kwa mpira uleule. Milia ya giza inaonekana humo kama inavyoonekana kwenye hidrojeli. Kinachokatazwa ni kuchukua namba za mpira ukazipeleka kwa mtu mwenye hidrojeli mkabishana.

Joto. Hapa mpira huenda kinyume: ukipata joto, sauti hupungua mwendo. Kosa la 1,450 linazidi kidogo siku za kaskazi. Kanuni ya kuilaza kwenye chumba cha AC na kuandika nyuzijoto ni ileile, tena hapa nisingeiruka hata mara moja.

Uhai. Hapa ndipo inaposhinda waziwazi. Haina maji ya kukauka. Haihitaji chombo cha kufungwa, haioti ukungu, na ukiisahau kabatini miezi mitatu utaikuta ilivyo. Kwa mji wenye chumvi hewani na stima ya kukatika, hii si sifa ndogo.

Gharama. Nayo ni ya maelfu ya dola, wala isinunuliwe kwa kudhani ni ya bei rahisi. Unafuu wake uko mbele ya safari, kwa kuwa hainunuliwi mara mbili.

Mikono. Sawa na hidrojeli, ukiondoa kazi ya kuitunza.

Inamfaa nani. Zahanati ambayo kweli haina mtu wa kuidekeza fantomu. Pia fundi wa bayomedi anayezunguka na kifaa chake, leo Changamwe, kesho ng'ambo ya Likoni, kwa sababu mpira hustahimili safari kuliko jeli. Hata hivyo akifika asianze papo hapo. Boksi lililotoka kwenye gari la moto likawekwa chumba cha baridi huchukua saa nyingi kufikia joto la chumba hadi katikati, na fundi mwenye haraka atapima joto la gari.

Fantomu ya kujipikia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huidharau kabla ya kuijua.

Inachofichua. Inategemea mpishi. Aga-aga na maji peke yake hupitisha sauti kwa kiasi cha mita 1,500, na picha yake ni nyeusi tupu, haina chembe za kurudisha mwangwi. Ili mwendo upande hutiwa gliserini, na ili picha iwe ya kijivu kama nyama hutiwa unga laini usioyeyuka. Ipo resipe inayojulikana kimataifa, iliyoanzia kwenye kazi za fantomu za Dopla, kwa uzito: maji asilimia 82.97, gliserini 11.21, aga-aga 3, alumina ya chembe za mikroni 0.3 asilimia 0.88, alumina ya mikroni 3 asilimia 0.94, silikoni kabaidi 0.53, na dawa ya kuzuia kuoza, benzalkoni kloridi, 0.47. Ikifuatwa kwa mizani nzuri hutoa kitu kinachokaribia sana mwendo wa 1,540 na ufifiaji wa desibeli 0.5. Hiyo ni fantomu ya kweli, si mchezo wa watoto.

Alumina na silikoni kabaidi havipatikani Marikiti, lakini aga-aga ipo: ni ile chaina grasi inayotiwa kwenye faluda na pudini. Gliserini iko kwenye kila duka la dawa. Kwa fantomu ya kutazama usawa wa picha tu, wengi hutumia maganda ya isabgoli (mbegu zinazonywewa kulainisha choo) yaliyosagwa badala ya unga wa viwandani, na picha hutoka ya kijivu ya kuridhisha. Nyuzi za kupimia? Mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, ukavutwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa kipimo pande mbili za boksi la plastiki. Pima kwa kalipa umbali kati ya nyuzi zenyewe baada ya kuzikaza, usitegemee umbali wa matundu.

Wazo la kutumia mwani wetu wenyewe hujitokeza mara kwa mara, maana Kibuyuni kule Kwale wanaukuza. Ule hutoa karajinani, si aga, na jeli yake ina tabia nyingine. Ni mradi mzuri kwa mwanafunzi, ila usianze nao.

Upishi wenyewe una mitego miwili. Aga-aga haiyeyuki sawasawa mpaka ikaribie kuchemka, kwa hiyo usiiondoe jikoni ikiwa vuguvugu. Na ukiimimina ikiwa bado ya moto sana, unga wote utazama chini ukapata fantomu nyeusi juu na nyeupe chini. Endelea kuikoroga taratibu mpaka ishuke kama nyuzijoto 42 hivi, ndipo umimine, na umimine polepole ili usiingize mapovu. Povu moja la hewa karibu na uso hutupa kivuli kitakachokudanganya kuwa ni kristali iliyokufa.

Joto. Kuna wanaopika kwa gelatini badala ya aga-aga kwa kuwa ni rahisi. Mombasa usithubutu. Gelatini huanza kulegea kwenye nyuzijoto thelathini na kidogo, ambazo ndizo za mchana wa Machi. Aga-aga ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ipashwe moto mkali, kwa hiyo meza ya Mombasa haiitishi. Mwendo wake wa sauti hubadilika kwa joto kama hidrojeli.

Uhai. Siku chache ikiachwa wazi, wiki kadhaa ikiwa na dawa, ikafunikwa na kuwekwa kwenye friji. Isigande barafu. Ukungu ukionekana, tupa. Na hapa ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo: fantomu ya Juni si ile ya Januari. Kila unapopika upya, mstari wako wa kulinganishia umekatika, isipokuwa uwe na probu moja nzima unayoiamini ya kupimia kila mpiko mpya.

Gharama. Sehemu ndogo sana ya bei ya kiwandani. Mizani ya kupima gramu kwa usahihi itakugharimu kuliko viungo vyote.

Mikono. Nusu siku ya kupika, na lazima iwe mikono yenye subira.

Inamfaa nani. Vyuo kwanza. Mwalimu anayefundisha mitambo ya tiba au sonografia, iwe KMTC au Technical University of Mombasa, hatapata somo bora la jinsi sauti inavyokwenda kuliko kuwaacha wanafunzi wapike, waskani, wakosee, wapike tena. Inamfaa pia fundi anayetaka kitu cha kuthibitishia shaka kabla ya kuomba bajeti. Haimfai anayehitaji cheti.

Kupima bila fantomu

Inachofichua. Usawa wa picha, na hali ya probu yenyewe. Basi. Lakini kumbuka Mayo: huko ndiko hitilafu nyingi ziliko. Chama cha altrasaundi cha Uingereza, BMUS, kilitoa mwongozo mwaka 2014 kwa ajili ya masonografa wenyewe, na msingi wake ni vipimo vya namna hii.

Shika probu safi, kavu, bila jeli, ikiwa hewani. Zima harmoniki, zima kompaundi na kila kitu kinacholainisha picha, leta fokasi karibu na uso, punguza kina. Utaona mistari inayong'aa iliyo sambamba na uso wa probu, mmoja chini ya mwingine. Hiyo ni sauti inayodundana kati ya kristali na uso wa lenzi. Mistari iwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa na ufito wa giza unaoshuka wima, hapo pana kristali zilizokufa au lenzi iliyobanduka. Kisha nyoosha klipu ya karatasi, paka jeli kidogo, uilaze kukatisha uso wa probu na uisogeze taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwanga chini yake usififie popote. Ukipata pengo, chomeka probu kwenye soketi nyingine ya mashine: pengo likifuata probu, tatizo ni probu, likibaki na soketi, tatizo ni mashine. Hesabu pia mwangwi wa mwisho unaonekana kwenye kina gani kwa mpangilio huo, kwa maana ukipungua mwezi hadi mwezi, nguvu ya probu inashuka.

Njia hii ina upofu wake. Probu ya moyo hutumia karibu kristali zake zote kwa kila mstari wa picha, kwa hiyo kristali moja ikifa haionekani kama ufito mweusi. Picha nzima hudhoofika kidogo, na hewani hutaona kitu. Kwa probu hiyo unahitaji fantomu, au kifaa cha umeme kinachopima kristali moja moja, ambacho kwa kawaida utamkuta nacho mtoa huduma wala si zahanati.

Joto. Halina athari ya maana kwa unachokitafuta.

Uhai. Klipu ikipotea, chukua nyingine.

Gharama. Hakuna.

Mikono. Dakika tano kwa probu, na sonografa mwenyewe anaweza kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Inamfaa nani. Kila mtu kama hatua ya kwanza. Kama hatua pekee, inamfaa mwenye mashine moja na probu za mviringo na linia, asiye na bajeti, mradi akubali kwamba hajui lolote kuhusu vipimo vya umbali.

Uchague vipi kwa hali yako

Unanunua mashine ya mtumba iliyoshuka Kilindini. Usiibebe fantomu. Beba klipu na tishu ya kufutia jeli, na uijaribu kila probu hewani mbele ya muuzaji, kila soketi, kabla ya kuzungumza bei. Muuzaji akikataa usizime kompaundi, umeshapata jibu lako.

Una zahanati ndogo ya wajawazito, probu moja ya mviringo. Vipimo vya kichwa na paja la mtoto ndivyo vinavyopanga tarehe ya kujifungua, kwa hiyo japo kosa la umbali ni nadra, hulitaki. Fanya kipimo cha hewani kila mwezi, na mara moja au mbili kwa mwaka mlipe fundi mwenye fantomu ya kiwandani apime umbali. Kuna njia nyingine ambayo watu wa Mombasa wangeiweza vizuri: zahanati nne au tano zikachangishana kama chama, zikanunua moja ya kuzungushana. Kama ndivyo, ningeelemea mpira kwa sababu ya safari, ila iwe fantomu ileile daima, isichanganywe na ya jeli.

Una hospitali yenye probu kumi na zaidi, za tezi na matiti zikiwemo. Mpira utakunyima picha halisi ya probu hizo za linia. Hidrojeli, mtu mmoja mwenye jina kwenye fomu, chumba chenye AC inayofanya kazi, na mizani. Kama huwezi kuahidi hivyo vyote, tafakari tena mpira, maana hidrojeli iliyokauka inasema uongo kwa sauti ya mamlaka.

Unafundisha. Pikeni ya aga-aga, na mwombe fundi yeyote anayepita na fantomu ya kiwandani awaachie saa moja ili wanafunzi waone tofauti.

Vyovyote utakavyochagua, hifadhi mpangilio wa kupimia ndani ya mashine yenyewe, wenye kina, geini, fokasi na megahezi zilezile, na uhifadhi picha za siku ya kwanza pahali pasipofutwa mashine inapofanyiwa sevisi. Mafundi wa kampuni wakishaweka upya programu, mipangilio hiyo huondoka nayo, kwa hiyo ipige picha kwa simu pia na uichapishe iwe kwenye faili.